Besna na Pampu ya Baba Yake

Wifi yangu Besna hakai kitako. Tangu niolewe kwao sijamwona akikaa zaidi ya muda wa kumaliza bilauri moja ya chai, na hata hiyo huinywa huku jicho liko kwenye tanuri. Anaamka kabla ya jogoo, anakanda unga, anawasha moto kwa mabua ya pamba, na sisi wengine tunapojikokota kutoka kwenye magodoro, mikate imeshapangwa juu ya kitambaa inafuka mvuke. Ukimwambia, "Wifi, pumzika basi," atakujibu, "Nikipumzika nani ataoka, Mrusi?" Siku hizi anasema Mrusi kwa sababu Warusi ndio wanaopita barabarani na magari yao ya deraya. Zamani alikuwa akisema Mmarekani. Utani ni uleule, jina tu ndilo hubadilika, nami nimechoka kuyahesabu hayo majina.

Watu wa redio na wa mashirika huja hapa kutuuliza nani alimsaliti nani. Wanawauliza wanaume, na wanaume wanajibu mpaka chai inapoa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza Besna chochote, isipokuwa kama mkate bado upo. Basi nitasema mimi, mke wa kaka yake, ambaye kila mtu ananiita Mama Dilovan.

Kwetu ni Girgever, kaskazini mwa Syria, karibu na mpaka kiasi kwamba ukipanda juu ya paa unaziona taa za Uturuki zikiwaka, maana kwao umeme haukatiki. Sisi ni Wakurdi. Ng'ambo ya kijito kuna Um Rumman, kijiji cha Waarabu. Baina yetu kulikuwa na kila kitu ambacho majirani huwa nacho: kuazimana trekta, kugombana juu ya kondoo walioingia shambani, na kuzikana.

Mkubwa wa nyumba yetu ni baba mkwe wangu, Haji Remo. Ni mtu mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, anayeamini kwamba siasa zote za dunia anazielewa kwa sababu ujanani aliwahi kuuza kondoo Mosul. Alikuwa na pamba, mboga kidogo, na kisima chenye pampu ya dizeli. Pampu hiyo ndiyo ilikuwa maradhi yake. Ilikuwa ikifanya kazi wiki nzima kama punda mtiifu, halafu ikifika Alhamisi inakohoa, inatikisika, inazima. Haji Remo anaipiga teke, anailaani pamoja na wazee waliomzaa fundi wa kiwanda aliyeitengeneza, kisha anamtuma mtu Um Rumman kumwita Awad.

Awad alikuwa fundi wa pampu na mashine za kuvunia. Mwarabu mwembamba, mpole, aliyefiwa na mke kabla hawajapata mtoto. Alikuwa akizungumza Kikurdi cha kuvunjikavunjika ambacho kilimfanya Besna aufiche uso kwa mtandio ili asionekane anacheka. Anafungua pampu, anachungulia, anakaza kitu kimoja, na pampu inanguruma.

"Haji, pampu yako hii ina tabia," alikuwa akisema.

"Haina tabia, ina shetani," Haji Remo anajibu. "Niambie unataka nini."

"Mkate tu, Haji. Mkate wa hapa kwenu."

"Umeona fundi huyo?" baba mkwe wangu alikuwa akitutangazia jioni. "Hataki kitu, mkate tu! Waarabu kama hawa wameisha."

Alhamisi moja nilikwenda kisimani mapema kuchota maji ya kufulia, nikamkuta Besna amechuchumaa kando ya pampu na spana mkononi, analegeza mkanda. Tulitazamana.

"Wifi, hujaona kitu," akasema.

"Sijaona kitu. Lakini kanawe hiyo grisi kabla baba yako hajaionja kwenye mkate."

Alicheka mpaka akaishika pampu asianguke. Alikuwa na miaka thelathini na ushee wakati ule, umri ambao kwetu watu wameshaacha kukuulizia, na alikuwa akicheka kama msichana. Baadaye, akibandika mikate tanurini, alinieleza yote bila kunitazama. Awad alikuwa amempa neno. Pamba ikishavunwa na kuuzwa, atamtuma baba yake aje kuposa. Mpaka hapo hakuna atakayejua, wala baba huyu wala baba yule, kwa sababu wazee wakijua jambo mapema hulifanya lao.

"Na pampu?" nikamwuliza.

"Pampu itavumilia mpaka pamba."

Huo ndio ulikuwa mwaka wa Wamarekani. Walikuwa wakipita na bendera zao, wakiwarushia watoto pipi, na Haji Remo alikuwa akisimama kando ya barabara kuwapungia mkono kama mtu anayewaaga mahujaji. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tuliambiana. Waturuki ng'ambo ya mpaka walikuwa wakiapa kila wiki kwamba watakuja kutufagia, na Wamarekani walikuwa wakisema, msiogope, tupo. Vijana wetu wapiganaji walikuwa wamechimba mahandaki mpakani. Kiangazi kile Wamarekani wakaja na maneno mapya: fukieni haya mahandaki, Waturuki watatulia wakiona hamna nia mbaya. Na vijana wetu, na jasho lao lote, wakayafukia. Nilikuwa shambani nikayaona matingatinga yakisukuma udongo, na nilitamani kupiga kelele. Tulikuwa tumeona Afrin, mji wa Wakurdi wenzetu, ulivyonyolewa na Waturuki, na sisi, badala ya kutia maji, tunavunja ndoo.

Siku ile Haji Remo hakupunga mkono. Alirudi nyumbani akakaa kimya mpaka chakula, na ukimya wa mtu yule unatisha kuliko mabomu. Alipokwisha kula akafuta masharubu, akasema:

"Mtu akikwambia vunja ukuta wako, mimi nitakulinda, tafuta ukuta mwingine haraka. Mimi nimeshatafuta. Dilovan atatahiriwa Ijumaa ijayo, na Abu Fawaz wa Um Rumman atakuwa kirivu wetu."

Abu Fawaz ni baba yake Awad.

Kirivu ni mtu anayempakata mtoto wako wa kiume siku ya tohara. Ngariba anakata, damu ya mtoto inadondokea kitambaa kilichotandikwa mapajani mwa yule mtu, na tangu hapo nyumba zenu mbili ni ndugu. Si urafiki huo. Kirivu akibisha hodi unafungua. Akija na damu mikononi unamficha kwanza, maswali baadaye. Na kwa kuwa ni ndugu, nyumba hizo hazioani tena, si wana, si wajukuu. Kwetu, kumwoa binti wa nyumba ya kirivu wako ni sawa na kumwoa dada yako wa tumbo moja. Watu watatema mate ukipita.

Mume wangu Khelil aliifurahia habari. "Umepiga penyewe, Baba. Nyumba ya Abu Fawaz haizami."

Kweli haikuwa ya kuzama. Fawaz, mwana wa kwanza, alikuwa amevuka mpaka akajiunga na wanamgambo wanaolipwa na Waturuki. Wa pili alikuwa sajini katika jeshi la serikali ya Damascus. Wa tatu alikuwa na vijana wetu, akipiga picha na Wamarekani. Ije mvua, lije jua, mzee yule alikuwa na mwavuli. Awad peke yake ndiye aliyekataa bunduki ya kila mtu.

Nilimtazama Besna. Alikuwa ameshika sinia la bulgur, ngano yetu ya kupondwa, iliyobaki. Alitoka nalo nje, akawamwagia kuku chakula kizuri kabisa ambacho tungekila kesho, kisha akabaki amesimama.

Nikamfuata. "Sema, wifi. Sema leo hii. Mimi nitasimama nawe."

"Niseme nini? Kwamba pampu ni nzima?"

"Sema unaposwa na Awad."

"Siposwi. Hakuna aliyekuja kuposa." Akakung'uta sinia. "Baba ameshatuma salamu na Abu Fawaz ameshakubali. Ukimpa mtu ukirivu kisha ukamnyang'anya, umempa uadui. Unataka uadui na nyumba ile, mwaka huu?"

"Mwite basi Awad amzuie baba yake."

"Yuko Hasaka kununua vipuri. Nimempigia mpaka simu imekuwa moto, hapatikani." Halafu akanigeukia, na sauti yake ikawa kavu. "Mtoto ni wako, Mama Dilovan. Waturuki hao pale. Ukiambiwa leo chagua, ungechagua nini?"

Nilimwambia tena aseme. Lakini alinijua, na alijua mama huchagua nini, na alinihurumia mimi badala ya mimi kumhurumia yeye. Nilikasirika usiku kucha, na sikujua nimkasirikie nani: mzee, Waturuki, Wamarekani na mahandaki yao, au hii desturi yetu isiyo na mlango wa nyuma.

Ijumaa ikafika. Besna alioka mikate ya karamu tangu alfajiri. Watu wa Um Rumman walivuka kijito na kondoo wawili, na suti ndogo nyeupe ya Dilovan, na ngoma. Abu Fawaz alikuja ameshikiliwa kwapani, na aliyemshikilia ni Awad, aliyekuwa amerudi asubuhi ileile. Nilikuwa kando ya tanuri nasugua masufuria Awad alipomwacha baba yake kati ya wageni waliokuwa wakisalimiana, akaja moja kwa moja mpaka kwa Besna. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa.

"Nimeambiwa njiani," akasema. "Besna, sema neno moja tu nimwambie mzee hapana."

"Atavunja neno lake mbele ya watu wote hawa?"

"Atavunja. Nitamvunjisha."

Besna aliangalia uani. Dilovan wangu alikuwa amesimama na suti yake nyeupe, anajitia ujasiri, midomo inacheza. Haji Remo alikuwa amemkumbatia Abu Fawaz, wanabusiana mabega. Juu, mbali, kile kidege cha Kituruki kisicho na rubani kilikuwa kikizunguka kama kilivyozunguka kila siku, nzi asiyetua.

Akachukua mkate wa moto, akaukunja, akamtia Awad mkononi. "Nenda. Wanakungoja."

Na masaibu hayakuishia hapo. Ilipofika wakati wa kupakata, Abu Fawaz akagonga magoti yake, akacheka. "Haji, haya magoti hayashiki hata paka. Nitamwangusha mjukuu wako. Awad mwanangu atampakata kwa niaba yangu."

"Bora zaidi!" Haji Remo akapaza sauti. "Wewe na mimi tuko mlangoni pa kaburi. Huyu ataishi. Kaa, Awad, kaa mwanangu!"

Basi Awad akakaa. Wakamtandikia kitambaa cheupe mapajani, wakamweka Dilovan juu yake, na yeye akamfumba macho kwa kiganja chake kile chenye makovu ya mashine. Mtoto alilia mara moja, kwa nguvu, kisha ngoma zikafunika kila kitu. Awad alipoinuka kitambaa kilikuwa na doa jekundu si kubwa kuliko komamanga lililopasuka. Alikikunja vizuri akakitia kifuani kama inavyopasa. Halafu akatusalimia wanawake mmoja mmoja, kila mmoja kwa cheo chake kipya, na alipofika kwa Besna akasema, "Dada Besna, hongera." Besna akajibu, "Na wewe, kaka."

Tangu siku hiyo pampu haikuharibika tena. Alhamisi ikaja, ikapita, ikaja nyingine. Haji Remo alikuwa akizunguka kijijini kama jogoo. "Mmeona baraka ya ukirivu? Hata pampu imepona!" Nilimsikia akisema hivyo mbele ya Besna, akamwambia, "Si kweli, binti yangu?" Naye akasema, "Kweli, Baba." Nilikwenda chumbani nikalia kwa ajili yake, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na unga wa kukanda.

Pamba ilikuwa bado shambani Wamarekani walipoondoka. Simu moja ilipigwa huko mbali, baina ya wakubwa, na asubuhi yake magari yao yakapita upande wa kusini, bendera zikipepea vilevile. Safari hii watu waliwatupia viazi. Haji Remo alisimama kando ya barabara mikono chini. Siku chache baadaye mizinga ikaanza, na nyuma ya mizinga wakaja wale wanamgambo na mapikipiki yao na vilio vyao vya takbiri, kana kwamba sisi tulikuwa tunasali kuelekea kwingine. Tulipanda trela la trekta na magodoro, na kuku waliokubali kukamatwa. Besna alipanda wa mwisho. Alikuwa ametoka kumwagia moto wa tanuri maji, asije mtu mwingine akaoka humo.

Vijana wetu waliokuwa na Wamarekani jana, leo wakapeana mikono na jeshi la Damascus lililokuwa likiwafunga juzi, maana mkono usioweza kuukata, ubusu. Damascus ikaja na Warusi. Warusi wakaongea na Waturuki. Wamarekani wakarudi, ila kidogo, ila kulinda mafuta. Mstari wa vita ukatulia kusini ya vijiji vyetu: Girgever na Um Rumman vikawa vya Waturuki na wanamgambo wao, sisi tukawa upande huu, karibu na Tel Tamer, katika nyumba ya Mwashuri mmoja aliyehamia Australia. Mwenyewe hupiga simu kutuuliza hali ya mkomamanga wake. Tunamwambia mzima.

Mume wangu hakuweza kustahimili. Kondoo walikuwa wamebaki, na baba yake alikuwa akiwataja kila mlo, huyu mwenye sikio lililokatwa, yule mwenye mapacha. Siku moja Khelil akaondoka bila kuniaga kwenda kuwachungulia. Wanamgambo walimkamata kwenye daraja la kijito.

Sitaki kueleza siku zile. Nitasema tu kwamba ndizo siku ambazo Haji Remo hakuwataja tena kondoo, na Besna alioka mikate maradufu bila sababu, akaigawa kwa wapita njia. Tulimpigia Awad. Alipokea mara ya kwanza, akasema, "Nimesikia," akakata.

Yaliyofuata Khelil ndiye aliyetuhadithia. Alikuwa amefungwa katika shule ya Um Rumman, na wale waliomshika hawakuwa watu wa huku, walikuwa vijana wa kutoka Homs, wamechoka na wana hasira kwa ajili ya nyumba zao wenyewe zilizobomolewa na watu wengine. Awad aliingia hana hata kisu.

"Huyu ni kirivu wangu," akasema.

"Kirivu ndiyo nini?" mmoja akacheka. "Cheo?"

Awad akatoa kitambaa kifuani akakifungua. "Hii ni damu ya mwanawe, ilinidondokea mapajani. Mkimchinja huyu, mnichinje na mimi hapahapa, halafu mkamweleze kaka yangu yule pale."

Kaka yake, Fawaz, alikuwa amekaa mlangoni na bunduki. Fawaz ni mnyang'anyi, alipora nyumba nusu ya kijiji chetu na hakuona haya. Lakini alikitazama kile kitambaa, akaitazama mikono yake, akasema, "Ni kweli. Huyu ni wetu. Mwacheni." Wakamwacha.

Walimleta mpaka barabarani, pale Warusi walipoweka kizuizi chao katikati. Sote tulikwenda. Kwa mbali nilimwona mume wangu anachechemea, na kando yake Awad amemshika kwapani kama alivyomshika baba yake siku ile. Awad hakuweza kupita upande wetu, wangemkamata. Akamwachia Khelil pale kwenye matofali ya saruji, akapaza sauti:

"Dada Besna! Nimekuletea kaka yako!"

Besna alikuwa na mikate ndani ya mtandio. Akampa askari wa Kirusi, kijana mwekundu wa jua, akamwonyesha kwa kidole, mpelekee yule. Mrusi akanusa, akakata kipande akatafuna, kisha akavuka barabara akampa Awad iliyobaki. Awad aliipokea kwa mikono miwili. Alisimama mpaka tulipoondoka.

Miaka imepita tangu hapo. Awad alioa binamu yake. Mwaka jana alipata mtoto wa kike. Kila Idi anapiga simu, na Haji Remo anaweka sauti kubwa ili mtaa mzima usikie. "Dada yangu Besna hajambo?" anauliza Awad. "Hajambo, yuko kwenye tanuri," Haji anajibu. Ni Awad aliyetuambia kwamba pampu imeng'olewa na kuuzwa. Hilo lilimwuma mzee kuliko nyumba. "Laana yangu iwafikie," alisema. "Na iwazimikie kila Alhamisi, waone nilivyoona mimi!" Anaizungumzia bado, pampu hiyo, mpaka wageni wanaijua tabia yake kuliko wanavyonijua mimi.

Alasiri moja ya juzijuzi tulikuwa uani chini ya ule mkomamanga wa Mwashuri. Maji yalikuwa yamekatwa tena, kwa kuwa kituo cha maji kiko upande wao na umeme wake uko upande wetu, na wakubwa hukatiana kama wake wenza. Redio ilikuwa ikisema kwamba Damascus na Ankara wanazungumza. Warusi wamewakalisha meza moja. Khelil akazima redio.

"Basi kesho tutakuwa adui wa nani?" akauliza.

"Subiri mpaka jioni watakutangazia," nikamwambia.

Haji Remo akacheka, akavuta sigara yake. "Niambieni, katika watu wote hawa, Mmarekani, Mrusi, Mturuki, nani amefunga mkataba ukasimama? Mimi! Remo, muuza kondoo! Wa kwangu peke yake ndio uliosimama." Akamgusa Khelil mguu ule mbovu. "Wewe ndiye muhuri wake."

"Ni kweli, Baba," Khelil akasema.

Besna alikuwa anabandika mikate. Mzee alimgeukia, amefurahi, ana ukarimu wa mtu mwenye tumbo lililojaa.

"Na wewe, binti yangu, hujui. Nusura nikuoze wewe."

"Unioze kwa nani, Baba?"

"Kwa Awad! Unadhani mimi kipofu? Nilimwona anavyoutazama ule mkate wako. Nikajiuliza siku nzima: nimpe Abu Fawaz mkwe, au nimpe kirivu? Nikasema, mke anaweza kuachwa. Neno moja la talaka, kamba imekatika, na Khelil akikamatwa nani atamtoa? Lakini kirivu haachwi." Akagonga paja. "Nilifikiri vizuri au sikufikiri vizuri?"

Nilitamani ardhi imeze sigara yake, bilauri yake, na yeye mwenyewe, na wakati huohuo mume wangu alikuwa amekaa pale mzima, ananyoosha ule mguu.

Besna akautoa mkono tanurini. Akafuta unga kwenye vidole, kimoja kimoja, akaja, akaketi chini mbele ya baba yake. Akakaa kitako, miguu ameikunja, kama mtu aliyekuja kutembea.

"Umefikiri vizuri, Baba," akasema. "Lakini pampu haikuwa mbovu."

"Pampu gani?"

"Pampu yako. Haikuwa mbovu hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nikilegeza mkanda."

Mzee alimtazama. Sigara ikaungua yenyewe kati ya vidole mpaka majivu yakamdondokea gotini, naye hakuyapangusa. Nilimwona akirudi nyuma, Alhamisi kwa Alhamisi, mpaka kwenye ile Ijumaa na kitambaa cheupe. Ile sauti yake kubwa haikuwepo tena aliposema:

"Alhamisi zote?"

"Zote, Baba."

Tanurini mikate ilikuwa imeanza kunuka kuungua. Besna hakuinuka. Nikainuka mimi, nikaibandua niliyoweza, nikauchukua unga uliobaki, na siku ile nilioka mimi.